Kitako cha Kinara: Safari ya Kamukuzi na Nakivale

Mnunuzi wa vyuma chakavu niliyemkuta pembezoni mwa Mbarara hakuwa na haja ya kujua kinara kimetengenezwa mwaka gani. Mizani yake ilimtosha. Alikuwa ameyapanga mafungu yake vizuri, chuma huku, alumini kule, na shaba ndani ya gunia lililosogezwa karibu na kiti chake ili lisimtoke machoni. Mle guniani mlikuwa na koki za maji zilizovunjika, kufuli, vitasa, vipande vya rejeta, na chini kabisa shina la kinara lisilo na kitako. Nililichomoa. Lilikuwa la Kizungu bila shaka, lenye vifundo viwili na shingo nyembamba, na pale kitako kilipokuwa kimeshikizwa palibaki hesi safi zilizolingana, za kukatwa kwa mashine. Nikauliza kitako kiko wapi.

"Kilishakwenda Kampala, ssebo," akanijibu. "Kile kilikuwa kizito."

Kwa anayekusanya vinara vya kale, hasara ilikuwa hapo. Shina huigwa kwa urahisi. Chini ya kitako ndiko fundi alikoacha mistari ya kerezo, ndiko kiwanda kilikopiga muhuri, ndiko nta na uchafu wa miaka mingi ulikoganda kwenye pembe ambazo kitambaa hakifiki. Wauza vitu vya kale wa Mji Mkongwe, Zanzibar, wanalijua hilo. Mteja akikishika kinara na kukipindua kabla ya kuuliza bei, muuzaji hubadilisha namna ya kuzungumza naye.

Nilikuwa nimetokea kwetu Bukoba. Basi lilipita Kyaka, likapanda Karagwe, likateremka hadi Murongo, na daraja la mto Kagera likanivusha mpaka Kikagati upande wa Uganda. Wengi hupita Mutukula kwa kuwa ndiyo njia kuu, lakini njia ya Murongo ina jambo lake kwa mtu wa vinara: kando zote mbili za mto kuna bati. Kwetu linachimbwa Kyerwa, kwa wenzetu Mwirasandu. Na bila bati na shaba hakuna kinara cha kuzungumzia. Shaba nyekundu ikiyeyushwa pamoja na bati hutoa madini mazito ya kengele. Bati lenyewe likitiwa risasi kidogo au antimoni hutoa pyuta, madini ya kijivu yaliyokuwa kwenye meza nyingi za Ulaya kabla ya vyombo vya udongo kuwa rahisi. Na shaba nyekundu ikichanganywa na zinki hutoa shaba ya njano, ambayo ndiyo mwili wa vinara vingi utakavyoviona Afrika Mashariki.

Kutoka Kikagati ni lami kupitia Isingiro na Kaberebere, migomba kulia na kushoto hadi macho yachoke, na malori ya matoke yanayokwenda kama yanawahi mazishi. Kwa Mhaya safari hii haina ugeni mkubwa. Lugha ya huku na yetu ni ndugu. Mimi nilisalimia kwa Kihaya, wao wakaitikia kwa Kinyankole, na mambo yakaenda. Ila mtu wa Bukoba akishuka Mbarara atataniwa tu kuhusu Februari 1979, pale jeshi la Tanzania lilipoingia mjini baada ya Idi Amin kuvamia Kagera na daraja la Kyaka kubomolewa. Majengo mengi ya Mbarara yaliporomoshwa katika siku zile. "Nyie ndio mlitubomolea mji," aliniambia dereva wa boda akicheka, naye kwa umri wake hakuwa amezaliwa. Nilicheka pia, lakini nililiweka akilini, kwa sababu linaeleza kwa nini vitu vya nyumbani vya kabla ya mwaka huo vimebaki vichache mjini. Vilivyoepuka mabomu viliibwa, na vilivyoepuka wezi vilizikwa migombani.

Mbarara ya zamani unaweza kuisoma kwa vilima vyake. Nyamitanga ni kilima cha Wakatoliki, na kanisa kuu lao liko huko. Ruharo ni cha Waanglikana. Kamukuzi ni kilima cha Mugabe, mfalme wa Ankole, na baadaye kikawa pia mahali pa ofisi za serikali na nyumba za maofisa, zile za paa la bati jekundu na baraza pana. Waingereza walifungua kituo chao Mbarara mwishoni mwa miaka ya 1890, Mkataba wa Ankole ukatiwa saini mwaka 1901, na Mugabe Kahaya alibatizwa mwaka uliofuata. Ufalme wenyewe ulifutwa na serikali ya Obote mwaka 1967. Falme nyingine za Uganda ziliporudishwa mwaka 1993, wa Ankole haukutambuliwa, na hadi leo ukiuliza habari zake kwenye kibanda cha chai utapata majibu mawili yanayogombana.

Kabla mshumaa wa Kizungu haujapanda Kamukuzi, mwanga wa ikulu ulikuwa moto. Bagyendanwa, ngoma kuu ya Ankole, ilikuwa na nyumba yake, na mbele yake moto uliachwa uwake muda wote wa utawala wa Mugabe, ukazimwa alipofariki. Nawaza mara nyingi jinsi watu waliozoea moto wa namna hiyo walivyokitazama kinara cha kwanza: shaba inayong'aa, mti mweupe wa nta juu yake, na mwali ambao mtoto anaweza kuuzima kwa pumzi.

Nilifikia kwa mwalimu mstaafu, mama wa makamo yaliyosonga sana, anayeishi kwenye nyumba ya familia nyuma ya ofisi za Kamukuzi. Kiswahili chake kilinishangaza, maana Mbarara lugha hii kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa ya jeshi na polisi. "Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa askari," alisema. "Kiswahili niliolewa nacho." Alinikaribisha kwa karo na eshabwe, tukala kwanza, kama inavyotakiwa, ndipo akamtuma mjukuu alete kile nilichofuata.

Vilikuja viwili, vimefungwa ndani ya gazeti. Shaba ya njano, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kwenye kifundo, kitako cha pande nane, na katikati ya shina kifundo kilichochongwa nyuso nyingi kama almasi, chini yake kingine cha duara kilichopangwa pete juu ya pete. Babu yake, kwa masimulizi ya familia, alikuwa mpishi wa bwana DC wa mwanzo mwanzo. Bwana alipohama akamwachia hivi viwili, akasema vilitoka kwa Malkia Victoria mwenyewe. Wajukuu wengine waliongeza chumvi: eti vina miaka mia tatu.

"Haya mwalimu," nikamwambia, "tuvipindue."

Kitu cha kwanza kilichoonekana kilikuwa kitufe kidogo cha duara katikati ya kitako. Ukikisukuma, kijiti cha ndani kinapanda na kutoa kipande cha mshumaa kilichobaki kwenye kikombe. Kijiti hicho kilianza kuonekana mwishoni mwa karne ya 18, na kikawa cha kawaida kabisa katika karne ya 19. Vinara vya zamani zaidi, vya karne ya 17, havina kijiti. Vina tundu ubavuni mwa kikombe, unaingiza ncha ya kisu na kukwangua. Kwa hiyo ile miaka mia tatu ilianguka kabla chai haijapoa. Kisha, kwa kioo cha kukuzia, tukasoma herufi zilizopigwa kwenye ukingo wa ndani: maneno ya Kiingereza ya kukiita kinara mfalme wa almasi, na chini yake neno ENGLAND. Vinara vya jina hilo vilitengenezwa kwa wingi Uingereza kuelekea mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa ile iliyofuata, vikiwa na ukoo mzima wa mfalme, malkia na wana wao kwa ukubwa tofauti. Na neno ENGLAND peke yake lina maana kubwa. Sheria ya ushuru ya Marekani ilitaka kuanzia mwaka 1891 bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka, na viwanda vya Uingereza vikaanza kuligonga neno hilo kwenye mali yao ya kuuza nje. Baadaye, katika karne ya 20, ndipo MADE IN ENGLAND ikazoeleka.

Mwalimu alinyamaza, kisha akauliza swali ambalo wajukuu wake wote hawakuwahi kuuliza: "Victoria alikufa lini?"

Januari 1901. Na Waingereza walikuwa wameshafika Mbarara. Basi masimulizi ya mpishi yana mlango mwembamba wa kupita: vinara vilivyotengenezwa baada ya 1891, vikapandishwa hadi Ankole mikononi mwa ofisa kabla au muda mfupi baada ya malkia kufa. Huenda bwana alimaanisha tu kwamba vilikuwa vya zama za malkia, na mpishi akasikia vilikuwa vya malkia. Mimi nimeona masimulizi ya familia yakikosea kwa karne mbili, na nimeyaona yakipatia kuliko vitabu. Sikutaka kuyafuta.

Kilichomaliza ubishi kilikuwa picha. Mwalimu aliingia chumbani akatoka na albamu, na katika ukurasa wa mwanzo kulikuwa na harusi ya wazazi wake: bwana harusi amevaa koti la kukopa, bibi harusi hatabasamu, na mezani mbele yao vinara hivi hivi, almasi na pete zake. Nyuma ya picha mtu ameandika kwa kalamu ya wino mwaka 1937. Sasa tulikuwa na kingo mbili. Havikutengenezwa kabla ya 1891, na mwaka 1937 vilikuwa tayari kwenye meza ya Mnyankole. Jozi kama hii Uingereza hupatikana kwa bei isiyomtisha mtu, na nilimwambia hivyo bila kuficha. Ila jozi yenye picha na jina la mpishi sijui nyingine. Aliniuliza kama nataka kuinunua. Nilikataa, na mjukuu, ambaye nadhani alikuwa ameshaanza kupiga hesabu ya simu mpya, alinikasirikia wazi wazi.

Jirani aliposikia kuna mtaalamu wa vinara alileta chake cha fedha. Wengi wana kinara cha fedha, na kwa wengi si fedha. Fedha halisi ya Uingereza ina mihuri yake kwenye mstari: simba anayetembea, aliyeanza kupigwa mwaka 1544; alama ya mji, chui kwa London, nanga kwa Birmingham, taji kwa Sheffield hadi 1974, hizi mbili za mwisho zikianza 1773; na herufi ya mwaka ambayo hubadilika kila mwaka, ndiyo inayokupa tarehe kamili ukiwa na jedwali lake. Kati ya 1784 na 1890 kulikuwa pia na kichwa cha mfalme au malkia kuonyesha ushuru umelipwa. Fedha ya Ufaransa tangu 1838 ina kichwa cha mungu wa kike Minerva. Kinara cha jirani kilikuwa na herufi nne tu, EPNS, yaani mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli uliopakwa fedha kwa umeme, ufundi ambao Elkington wa Birmingham aliupatia hataza mwaka 1840. Alisikitika kidogo. Nikamwonyesha almasi ndogo iliyochorwa karibu na herufi hizo, yenye namba na herufi kwenye pembe zake: hiyo ni alama ya usajili wa umbo, iliyotumika Uingereza kati ya 1842 na 1883 tu. Kinara chake cha bandia kilikuwa kikubwa kwa umri kuliko mji wa Mbarara. Akaondoka anatembea vingine.

Parokiani habari ni fupi na ya kusikitisha. Katika sakristia moja ya zamani, ambayo sitaitaja, paroko alinifungulia kabati la juu: vinara virefu vya altare vya mtindo wa Kigothi mpya, vyenye mwiba juu badala ya kikombe, kwa kuwa mshumaa mnene wa nta ya nyuki huchomekwa. Altare kuu ya zamani ilitaka sita, na cha saba askofu wa jimbo alipoadhimisha. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliomalizika 1965, altare ziligeuzwa padre atazame watu, vinara virefu vikaonekana vinaziba, vikashushwa. Parokia nyingi za Maziwa Makuu ziliviweka stoo, kisha stoo zikasafishwa. Hapa vilibaki vinne. Watoto wa altareni huvisugua kwa majivu na ndimu kila sikukuu inapokaribia, na mahali ambapo pengine palikuwa na muhuri wa karakana ya Ulaya pamekuwa laini kama kokoto ya ziwani. Nadhani ndimu na majivu vimefuta tarehe nyingi zaidi kuliko vita. Nilimsihi paroko waendelee kung'arisha mbele, chini wapaache pabaki peusi. Alikubali haraka mno, kama mtu anayetaka mgeni aondoke.

Nakivale iko mbali na vilima hivi kwa sura kuliko kwa kilomita. Unaiacha lami, vumbi linakupokea, mbuga zinafunguka, ng'ombe wa Ankole na pembe zao wanavuka bila haraka, na mbele linameta ziwa Nakivale. Makazi haya yalianza na Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao mwishoni mwa miaka ya 1950 na yalitambuliwa rasmi mwaka 1960. Leo yana watu zaidi ya laki moja, Wakongo wakiwa wengi, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Pale Base Camp utapita mtaa wa Wasomali wenye sambusa na chai ya maziwa, ukunje kona uingie New Congo ambako spika zinashindana. Na hapa Kiswahili hakiombi radhi kwa mtu. Ndicho kinachouza nyanya, kinachosuluhisha ndoa, kinachohubiri.

Sikwenda Nakivale kutafuta vinara, maana mkimbizi habebi vinara. Nilikwenda kumtafuta mtu anayesubu. Katika mkoba nilikuwa na kinara changu nilichonunua Mji Mkongwe, cha shaba ya njano, kitako cha mawimbi kama ua, na nilitaka kukiona mikononi mwa fundi anayemimina madini kwa njia ya kale. Nilielekezwa kwa fundi wa sufuria kutoka Uvira. Karakana yake ni turubai juu ya miti minne, shimo la mkaa, feni ya kuzungusha kwa mkono iliyotengenezwa kwa gurudumu la baiskeli, na rundo la alumini: vifuniko vya injini, mabakuli yaliyotoboka, fremu za madirisha.

Kazi yake inafaa kutazamwa taratibu. Anachukua sufuria nzima iwe kielelezo, anaifukia katika mchanga laini uliolowanishwa kidogo ndani ya fremu mbili za mbao zinazokaa moja juu ya nyingine. Anaupigapiga mchanga kwa ngumi na kipande cha gogo hadi ushikane. Anainua fremu ya juu kwa pumzi iliyozuiwa, anatoa kielelezo, na sura ya sufuria inabaki mchangani kama shimo. Anarudisha fremu, anamimina alumini iliyoyeyuka kupitia tundu alilolitoboa, na baada ya muda mfupi anavunja mchanga. Inatoka sufuria chafu yenye ukingo mwembamba pale fremu mbili zilipokutana, ukingo anaouondoa kwa tupa hadi usionekane. Ila ukijua pa kutazama, utauona.

Nikampa kinara. Hakukitazama mbele hata kidogo. Alikigeuza, akapitisha ukucha juu ya shina kutoka kwenye kikombe kushuka, akageuza nyuma, akapitisha tena. Kisha akapulizia pumzi ya mdomo, na katika ule ukungu mfupi mstari mwembamba ukaonekana upande huu, na mwenzake upande wa pili.

"Muzee, hii walimwanga nusu mbili," alisema. "Nusu ya huku, nusu ya kule. Ndani ni wazi. Kisha wakazibandika na moto." Akakipima kwa mkono. "Walikuwa wanachunga shaba. Ilikuwa bei kali?"

Hakuwa amesoma kitabu chochote cha vinara, na alikuwa ameshasema mambo yote. Mafundi wa Uingereza na jirani zake walikuwa wakisubu mashina mazito yasiyo na uwazi. Kuelekea mwisho wa karne ya 17 walianza kusubu shina nusu mbili zenye uwazi ndani na kuziunga kwa lehemu, ili kubana shaba iliyokuwa ghali. Waliendelea hivyo kwa takriban miaka mia. Mwishoni mwa karne ya 18 ufundi wa kusubu shina tupu kwa mkupuo mmoja, ukiweka kiini cha mchanga ndani, ulichukua nafasi, na mshono ukatoweka. Kwa hiyo kinara chenye mistari miwili inayotazamana kinaangukia katika karne hiyo moja. Nakala za karne ya 19 na 20 huiga mawimbi ya kitako, huiga vifundo, mara chache mno huhangaika na mshono. Pumzi ya mdomo ndicho kipimo cha kwanza ninachokiamini, kikifuatiwa na sumaku, ambayo hukamata chuma kilichopakwa rangi ya shaba mbele ya muuzaji anayeapa kwa jina la mama yake.

Tulikuwa bado tunabishana kuhusu kiini cha mchanga (fundi alitaka kujua walikitoaje baada ya kumimina, akahitimisha mwenyewe kwamba lazima walikichokonoa kwa waya) jirani yake, mzee wa Bukavu, alipotuletea cha kwake. Kilikuwa ganda la mzinga. Shaba, refu kidogo kupita kiganja na kifundo, shingo imeminywa na kuchorwa majani ya mzabibu kwa patasi ndogo, na juu yake pameunganishwa sahani ya kunasia nta na kikombe. Chini, kuzunguka kiini cha fataki, ilisomeka 75 DE C, na tarakimu za mwaka 1917. Hilo ni ganda la risasi ya mzinga wa Kifaransa wa milimita 75, mzinga wa uwanjani. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia maganda haya yaligeuzwa vyombo vya maua, visahani vya majivu na vinara kwa maelfu. Baadhi yalichongwa na askari wenyewe, mengi na mafundi wa mjini waliowauzia wageni na wajane. Mihuri yake haisemi uongo kuhusu ganda, ila haisemi chochote kuhusu siku liliyogeuzwa kinara.

Mzee alisema baba yake, katekista, alipewa ganda hilo na padre Mbelgiji. Yeye alilitoa Bukavu mwaka 1996, vita vilipoingia. Nilimuuliza kwa nini hilo, kati ya vitu vyote.

"Ilikuwa kitu ya baba," akajibu, akanitazama kama niliyeuliza kwa nini alivaa viatu.

Mshumaa, au buji kama wanavyosema Wakongo, hajauwasha juu yake muda mrefu. Miaka ya nyumba ya turubai moto wa wazi ulikuwa hatari, na sasa yupo kwenye nyumba ya matofali na bati, lakini taa ya sola inatosha. Ganda linashikilia mlango usigongwe na upepo wa ziwani. Wanunuzi wa vyuma wanalijua. Kila wanapopita na baiskeli zao hulipima kwa macho na kutaja bei. Mgao wa chakula umekuwa ukipunguzwa tangu Aprili 2020, na mzee alikiri kuna siku alilifuta vumbi akiwa ameshaamua.

Wenzangu katika biashara hii wangelinunua pale pale, tena kwa kujisifu kwamba wameliokoa. Mimi nina msimamo, na wapo wanaoniona mjinga kwa ajili yake: bei inayopangwa na njaa ya mwenye mali si bei. Pia kuna sababu ya kazi yenyewe. Mwaka 1871 nahodha wa Norway, Elling Carlsen, alifika Novaya Zemlya, visiwa vya barafu kaskazini mwa Urusi, akaikuta nyumba ambamo Waholanzi wa Willem Barents na Jacob van Heemskerck walilazimika kukaa majira ya baridi ya 1596 na 1597. Ndani mlikuwa na vitu walivyoviacha, vinara vikiwemo. Hadi leo vile ni nguzo kwa wanaopanga tarehe za vinara vya Uholanzi, kwa kuwa hakuna mwenye shaka vilikuwepo mwaka ule, mahali pale, mikononi mwa watu wale. Mtu angevichukua miaka mia kabla bila kuandika lolote, vingekuwa vinara vizuri tu vya Kiholanzi, na wataalamu wangegombana juu yake kwa nusu karne ya huku au ya kule.

Vinara vya mwalimu wa Kamukuzi vina mpishi, bwana DC na harusi ya 1937. Ganda la Nakivale lina mwaka 1917 chini, katekista wa Bukavu katikati na safari ya 1996 juu yake. Ukiviuza Nairobi au London bila hayo, mnunuzi atapata shaba yenye umbo. Na lile shina la guniani mwa mnunuzi wa skrapu halina hata hilo; nilipomuuliza lilitoka nyumba gani, alisema mtoto fulani alilileta.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenye vinara, wawe Mbarara, Bukoba, Tabora au Bukavu, na hasa kwa maparoko na walinzi wa sakristia. Kabla hakijatoka mlangoni, kigeuzeni mkipige picha chini, kwa mwanga wa ubavuni ili herufi zitokeze. Msikisugue huko chini. Muulizeni mkubwa wa nyumba kililetwa na nani, kikatumika lini, na mwandike jina lake na mwaka kwenye karatasi mtakayoifunga humo humo ndani ya kitako. Mkiona kimewalemea, makumbusho ya Igongo yako Biharwe, njiani kutoka Mbarara kwenda Masaka, na Makumbusho ya Uganda yako Kampala tangu 1908. Kapigeni hodi huko kabla ya kwenda kwenye mizani. Karatasi, kalamu na picha ya simu vinatosha, na kazi yenyewe haimalizi hata robo saa.